Naomba ushauri: wanafunzi wanaazima riwaya na kuzirudisha bila kusoma. Niwachagulieje?

Mkutubi_Uyole:
Habari za kazi, wadau wa maktaba. Nasimamia maktaba ya sekondari ya kata hapa Mbeya. Ni shule ya kutwa yenye hosteli ndogo ya wasichana. Ukiacha vitabu vya kiada tuna vitabu vya hadithi kama 340, na theluthi mbili ni vya Kiingereza vilivyoletwa kwa msaada.

Wanafunzi wanakuja, hilo nashukuru. Ila mtoto wa kidato cha pili anasema, "Mwalimu, naomba kitabu kizuri." Nampa riwaya inayosifiwa na kila mtu, baada ya siku tatu inarudi kona ya ukurasa wa 4 imekunjwa. Hakuvuka hapo. Akirudisha hivyo mara mbili, haji tena.

Naomba mnisaidie: namchaguliaje mtoto nisiyemjua vizuri? Nianze na Kiswahili au Kiingereza? Na hizi hadithi zenye mapenzi ndani yake, ambazo ndizo wanazoziulizia zaidi, nizitoe au nizifungie kabatini?

Rafu_ya_Juu (Iringa):
Mwalimu, pole na majukumu. Anza na swali unalomuuliza. Mwanafunzi ambaye hajawahi kumaliza riwaya hata moja ukimwambia "unapenda vitabu gani" hana cha kukujibu, atasema "chochote tu". Muulize hadithi ya mwisho iliyomnogea, iwe ya tamthiliya ya kwenye runinga, ya redio au aliyosimuliwa na bibi yake. Kisha muulize alinogewa na nini humo. Mmoja atakuambia walivyokuwa wanakimbizana, mwingine alitaka kujua nani muuaji, mwingine alimwonea huruma yule binti, mwingine alicheka sana. Hapo umeshajua uelekee rafu ipi, hata kama hujui jina lake.

Usimpe kitabu kimoja. Mpe vitatu avishike mkononi, viwili vinavyofanana na alichokisema na kimoja tofauti kabisa. Kimoja kinakuwa kama agizo la mwalimu, na kumi vinamchanganya. Mwache asome ukurasa wa kwanza akiwa amesimama palepale, wewe endelea na shughuli zako, usimkodolee macho.

Halafu apime lugha. Afungue katikati ya kitabu, asome ukurasa mmoja, na kila neno asilolijua akunje kidole. Ukurasa wa riwaya una maneno kama 250, kwa hiyo vidole vitano ni maneno 2 katika kila 100. Watafiti wa usomaji wa lugha ya pili wanakadiria kwamba msomaji anahitaji kujua karibu asilimia 98 ya maneno ili asome peke yake bila kamusi. Mkono ukijaa kabla ukurasa haujaisha, kitabu hicho bado ni kizito kwake, aje kukichukua muhula ujao. Asipime kwa ukurasa wa kwanza, maana kurasa za mwanzo hujaa majina ya watu na mahali, zinadanganya. Wa kwanza ni wa kupima hamu, wa katikati ni wa kupima lugha.

Na huyo aliyeishia ukurasa wa 4, usimuulize "mbona hujamaliza?" Swali hilo ndilo linalomfukuza. Muulize aliishia wapi na kilimchosha nini, uandike kwa penseli kwenye kadi ya kitabu. Kadi ikionyesha watatu wameishia palepale, umejua tatizo liko kwenye kitabu.

MwlKiswahili_Njombe:
Naunga mkono, na niongeze kwenye lugha kwa sababu ndiko wengi wanakokwama. Mtoto anayeingia kidato cha kwanza kutoka shule ya msingi ya serikali amesoma miaka saba kwa Kiswahili. Kozi ya awali ya Kiingereza haimfanyi aweze riwaya ya kurasa 300. Ukimpa riwaya ya Kiingereza ya watu wazima mwezi wa tatu, unamfundisha kwamba kusoma ni adhabu.

Mpe viwili kwa pamoja: cha Kiswahili cha kujiburudisha, chochote kinachomvuta, na chembamba cha Kiingereza kilichorahisishwa. Kwenye hivyo vya msaada bila shaka vimo vilivyorahisishwa, angalia jalada la nyuma. Mfululizo wa Oxford Bookworms, kwa mfano, umepangwa kwa idadi ya maneno ya msingi: hatua ya 1 ni maneno 400, ya 2 ni 700, ya 3 ni 1,000, ya 4 ni 1,400, ya 5 ni 1,800 na ya 6 ni 2,500. Kidato cha kwanza waanze hatua ya 1, wapo watakaofika ya 3 kidato cha pili kikiisha. Usiruke hatua eti mtoto ana akili. Anayeruka husoma kwa kubahatisha, na hadithi inampotea katikati.

Kuna mtego hapa. Kijana wa miaka 17 mwenye Kiingereza cha chini ukimpa kitabu chenye picha ya sungura kwenye jalada, wenzake watamcheka na hatakigusa. Mtafutie chenye lugha nyepesi lakini wahusika wa umri wake au zaidi. Hivyo vya picha za wanyama viweke rafu ya peke yake, useme ni vya kuwasomea wadogo zao nyumbani. Utashangaa vitakavyoazimwa.

Binti_Mufindi:
Shikamooni walimu. Mimi naomba mtaje na vitabu vyenyewe, maana wengine tunaanza upya kabisa.

Rafu_ya_Juu (Iringa):
Marahaba, dada. Nataja vichache tu, na kila kimoja na mtu wake.

Anayetaka safari na kijana anayejitafuta, mpe *Siku Njema* ya Ken Walibora. Kongowea anatoka Tanga hadi Kitale kumtafuta baba yake. Kiswahili chake kimejaa misemo, kwa hiyo kinamfaa kidato cha tatu kwenda juu, au wa chini yake anayependa lugha. Kwa kidato cha kwanza na cha pili, *Marimba ya Majaliwa* ya Edwin Semzaba inaenda haraka, mtoto anaisaka marimba yake iliyoibwa.

Wavulana wanaosema hawapendi kusoma, jaribu *Kufa na Kupona* ya Elvis Musiba, mpelelezi Willy Gamba yumo. Ni ya mwaka 1974 lakini mwendo wake haujachakaa. Ipitie kwanza mwenyewe, ina pombe na wanawake, kwa hiyo mimi naishikilia hadi kidato cha tatu. Kwa Kiingereza chepesi cha mazingira yetu, tafuta vitabu vilivyoshinda Tuzo ya Burt, viliandikwa kwa ajili ya vijana na nakala ziligawiwa mashuleni. *The Detectives of Shangani* ya Nahida Esmail ni mojawapo, ni ya upelelezi.

*Rosa Mistika* ya Kezilahabi wasichana wanaambiana wenyewe, huna haja ya kuitangaza. Ni kitabu bora, ila kina utoaji mimba na kujiua. Mimi naitoa kidato cha tano na sita, na anayeiazima namwambia waziwazi kabla hajaondoka kwamba ina mambo mazito na mwisho wake unaumiza. Anayesema "basi, siyo sasa" nampa kingine, bila kumuuliza zaidi.

MlezI_wa_Bweni:
Nijibu la mapenzi. Ukifungia kabatini, vitasomwa bwenini kwa tochi, vikiwa vibaya kuliko ulivyo navyo, na hutapata nafasi ya kuzungumza na msomaji. Tenganisha mambo mawili. Kuna riwaya yenye mapenzi, ujauzito, mimba za utotoni, ukatili wa nyumbani, ikionyesha chanzo na matokeo. Hiyo ni riwaya ya vijana. Na kuna kitabu kilichoandikwa kuelezea tendo lenyewe. Hicho si cha shule, kitoe.

Kabla ya kuweka kitabu kwenye rafu soma kurasa 20 za mwanzo, 20 za katikati na 20 za mwisho, hasa kama ni cha msaada. Mnakumbuka Februari 2023 Wizara ya Elimu ilipiga marufuku vitabu 16 mashuleni kwa sababu ya maadili, ukiwemo mfululizo wa *Diary of a Wimpy Kid*, na mfululizo huo hupatikana sana kwenye maboksi ya msaada. Iweke orodha hiyo ndani ya daftari la kupokelea vitabu, ukague boksi daftari hilo likiwa limefunguliwa mbele yako, kabla hujagonga muhuri.

Andika pia mwongozo wa uchaguzi wa vitabu, ukurasa mmoja unatosha: nani anachagua, kwa vigezo gani, na mzazi akilalamika hatua ni zipi. Mkuu wa shule asaini. Mzazi akija na hasira, mkaribishe akae, mwombe aandike ni kitabu gani, ukurasa gani, na amekisoma kiasi gani. Kitabu kibaki ofisini kwa mkuu wakati kamati inakisoma chote. Shule isiyo na karatasi hiyo huishia kutoa kitabu palepale mlangoni, na wiki inayofuata mzazi mwingine anakuja na kingine.

Na jambo moja nawasihi sana. Daftari la kuazima lisikae wazi mezani. Binti akiazima kitabu kuhusu kuozeshwa kwa lazima, anayefuata kwenye foleni anasoma jina lake na kitabu chake kwa mstari mmoja, na jioni bweni zima linajua. Tumia kadi za vitabu ndani ya kisanduku. Akirudisha na kukaa akionekana ana la kusema, msikilize, kisha mpeleke kwa mwalimu wa ushauri nasaha. Wewe usianze kumhoji.

Mkutubi_Uyole:
Asanteni sana. La daftari sikuwa nimelifikiria kwa upande huo, nalihamisha kesho. Swali lingine: nikitaka kutangaza vitabu kwa darasa zima, nifanyeje? Paredi asubuhi hawasikilizi. Na kidato cha nne wanataka vitini vya uhakiki tu.

Makete_Juu:
Paredi ya mwezi wa saba huku nyanda za juu, mtoto amekunja mikono kwapani anawaza jua litatoka lini. Usimwambie habari za riwaya hapo. Omba dakika tano mwanzoni mwa kipindi cha Kiswahili, au mwanzoni mwa prepo, yaani kipindi cha kujisomea jioni, kwa wa hosteli.

Nenda na vitabu vitatu, dakika moja na nusu kila kimoja. Usisimulie hadithi kuanzia mwanzo hadi mwisho na usitaje dhamira, hapo umeshageuza kipindi cha fasihi. Sema mhusika ni nani, amepatwa na nini, kisha soma nusu ukurasa kwa sauti uliyoifanyia mazoezi. Kata pale jambo linapotaka kutokea, ufunge kitabu. Nusu ukurasa huo uuchague siku moja kabla, ukipekua mbele ya darasa unapoteza watu.

Kinachoharibika mara nyingi ni nakala. Una nakala moja, umewatamanisha watu 60, anapata mmoja, 59 wanajifunza kwamba maktaba haina kitu. Tangaza vitabu vyenye nakala tatu au zaidi. Kwa cha nakala moja, andaa karatasi ya foleni na uje na vitabu vingine vitano vinavyofanana nacho. Muda wa kuazima cha foleni uwe siku 7 badala ya 14.

Hao wa kidato cha nne waache na mitihani yao, mwezi wa kumi na moja uko karibu nao. Ila ndani ya jalada la kila kitabu teule bandika kikaratasi: "Ukikipenda hiki, kuna na hiki," na jina la kitabu kimoja tu kilichopo kweli kwenye rafu. Wanaosubiri matokeo ndio watakaokitafuta.

Tukuyu_Mvua:
Nyongeza fupi. Vijana wanachagua kwa jalada, kwa hiyo vitabu vinane au kumi viangalie mbele badala ya kuonyesha mgongo, na vibadilishwe kila Jumatatu. Kitabu chenye harufu ya koga hakiazimwi hata kiwe kizuri vipi. Kwenye mvua zetu, rafu ikae mbali na ukuta kwa upana wa kiganja, na ubao wa chini uwe sentimita 15 juu ya sakafu. Fungua madirisha saa nne hadi saa tisa siku ya jua, usiyafungue wakati wa ukungu. Kitabu chenye koga kikaushe kivulini penye upepo, kisha ukifute nje kwa brashi laini. Ukikianika juani gundi ya mgongo inapasuka. Na seloteipu msiitumie, inakuwa ya njano, inanata, na inang'oa maandishi. Gundi nyeupe ya maji na ukanda wa karatasi nyembamba vinatosha.

Mkutubi_Uyole:
Nimeandika yote. Wavulana wanaotaka mpira tu je?

MwlKiswahili_Njombe:
Waanzie kwenye magazeti ya michezo yaliyopita, uyaweke meza ya karibu na mlango, wayasome humohumo bila kuazima. Baada ya muda mpe anayesoma sana kitabu cha maisha ya mchezaji, kisha ndipo riwaya ya mashindano au upelelezi. Mwingine atabaki kwenye magazeti mwaka mzima. Mwache, anasoma. Na kabla hujanunua chochote, pita Maktaba ya Mkoa hapo Mbeya mjini, ongea na mkutubi, uangalie kwenye kadi za kuazimia ni riwaya zipi vijana wa umri huo wanazichukua. Nenda na orodha yako ya 340, usije ukanunua ulichonacho.