Michezo ya kimataifa ikija Mombasa, tunaifurahiaje bila tiketi?

MkaziTudor:
Wadau, salamu. Mji wetu ukiwa mwenyeji, uwanjani huingia wachache, lakini shamrashamra ziko mitaani. Napanga siku moja ya watu kumi na watano hivi, wakiwemo watoto wanne na bibi asiyeweza kusimama sana. Mchana tuzunguke, usiku tutazame mechi barazani kwa projekta. Nianzie wapi, na nini huharibika?

Kizingo_Juu:
Anza na jua. Tarehe 24 Machi 2007, Mbio za Nyika za Dunia zilipofanyika hapa kwenye uwanja wa gofu, Kenenisa Bekele, bingwa wa miaka mitano mfululizo, alijitoa kabla ya kumaliza, na ushindi ukaenda kwa Zersenay Tadese wa Eritrea. Mwezi wa tatu kaskazi inaisha, upepo umelala na hewa imejaa unyevu. Jasho linatoka lakini halikauki, na jasho lisipokauka mwili haupoi. Mtazamaji aliyesimama juani saa nane yuko katika hali hiyo hiyo.

Kwa hivyo tokeni saa kumi. Piteni Mapembeni, kwenye zile pembe kubwa za ndovu za barabara ya Moi, mpige picha, kisha mpandisheni bibi tuktuk hadi bustani ya Mama Ngina kando ya bahari, na kiti chake cha kukunja. Bei ya tuktuk mkubaliane kabla hajapanda, na ya dafu kabla halijakatwa.

Madafu ni mazuri, ila yana potasiamu nyingi na chumvi kidogo, nanyi jasho limewatoa chumvi. Yashusheni na kachiri za muhogo au viazi karai. Mtoto akianza kulegea, mwekeni kivulini na kumnywesha kidogokidogo: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha, si vya kurundika. Akichanganyikiwa au akizimia, hospitali moja kwa moja.

Mabuyu wapewe mwisho, baada ya picha. Ile rangi nyekundu ikiingia jezi nyeupe haitoki.

FundiMajengo:
Nijibu la projekta. Kwetu jua hutua baina ya saa kumi na mbili na dakika kumi na saa kumi na mbili na dakika arobaini na tano, mwaka mzima. Mechi ya saa kumi na moja itazameni kwenye runinga ndani. Kabla ya giza, projekta ya kukodi itawaonyesha vivuli tu.

Picha ya upana wa mita 3 huwa na kimo cha karibu mita 1.7. Projekta nyingi za kawaida zitahitaji kukaa kama mita 4.5 kutoka kwenye kitambaa. Ukingo wa chini uwe mita moja juu ya ardhi, la sivyo walio nyuma wataona visogo. Shuka moja jembamba huvujisha mwanga, kwa hivyo shonesha mbili pamoja. Upepo wa bahari huijaza kama tanga la jahazi: funga pembe zote nne, na chini upitishe bomba la maji kwenye upindo.

Waya wa HDMI wa kawaida ukizidi mita 10 picha huanza kukatika. Sogeza king'amuzi, usirefushe waya.

Na jambo linaloudhi kuliko yote: matangazo ya intaneti huchelewa kuliko ya dishi, pengine nusu dakika nzima. Jirani wa dishi atapiga kelele za bao huku kwenu mpira bado uko katikati ya uwanja. Ulizeni mtaani wengine wanatumia nini, nanyi mtumie hicho hicho.

LikoniNgambo:
Fundi kasahau adhana. Maghribi na Isha zinaweza kuangukia muda wa mechi, kwa hivyo mtu mmoja akae na kidude cha sauti mkononi. Azime kabisa, asipunguze tu; barza iko karibu na msikiti, na mkiwaheshimu majirani hakuna atakayewanyima umeme wala viti.

Wageni wenu wa ng'ambo ya Likoni wasitoke kipenga cha mwisho kinapolia. Feri ya waendao kwa miguu ni bure, shida ni ule mteremko: watu wanasukumana kuwahi, na aliye nyuma haoni kwamba lango limefungwa. Wakae dakika arobaini wanywe kahawa. Mtoto ashikwe kifundo cha mkono, si vidole, na nambari ya simu iandikwe mkononi mwake kwa kalamu ya wino.

MkaziTudor:
Ahsanteni sana. Fundi, nikiwa na ukuta mweupe, bado nahitaji shuka?

FundiMajengo:
Hapana, ukuta ni bora, mradi si wa rangi ya mafuta. Ile hung'aa, na wanaokaa pembeni wataona taa ya projekta badala ya mpira. Chokaa kavu haina neno.