Ulinganisho: kusoma dini kama fani ndogo (minor, yaani kozi chache za pembeni ya fani kuu) chuoni Marekani, njia ipi kati ya hizi tatu?

Mtafuta_Somo: Wakuu salaam. Fani yangu kuu (major) ni afya ya jamii, chuo cha umma. Fani ndogo ya dini inapatikana kwa njia tatu: (a) ndani ya Idara ya Masomo ya Dini, (b) ya mseto, kozi zinatoka historia, anthropolojia, sosholojia, falsafa na fasihi, (c) ya dini moja, mfano Masomo ya Kiislamu. Zote krediti 18. Ipi inafaa, na watu hukwama wapi?

Hesabu_Kwanza: Krediti 18 ni kozi 6 za krediti 3, ila anza na masharti ya awali. Kwenye (b), sosholojia ya dini ya ngazi ya 300 (kozi ya juu) mara nyingi huipati bila Utangulizi wa Sosholojia, na utangulizi huo hauhesabiwi. Likikukuta hilo kwenye idara mbili, 18 zimeshakuwa 24. Kwenye (a) ni nadra, maana kozi za utangulizi, ngazi ya 100, ziko ndani ya idara ileile. Uliza pia kozi ngapi zinaruhusiwa kuhesabiwa kwenye fani kuu na ndogo kwa pamoja. Vyuo vingi haviruhusu zaidi ya mbili.

Bint_Langoni: Mimi ni wa (b), na sababu yangu ni kwamba dini haikai ndani ya taaluma moja. Chukua Maulidi ya Lamu pale msikiti wa Riyadha. Mwanahistoria atafuata barua na safari za masharifu kati ya Hadhramaut (Yemen), Ngazija (Komoro) na Lamu, aone maulidi ya Habshi, yaliyotungwa na Ali Habshi wa Hadhramaut, yalivyofika pwani na Habib Swaleh, mwanzilishi wa Riyadha, alivyowafungulia darsa watu wa tabaka la chini, wakiwemo waliotoka utumwani. Mwanaanthropolojia atakaa kwenye uwanja wa msikiti atazame nani anapiga matari, nani anakaa mbele, wanawake wako upande gani. Wa fasihi atashika kasida: mizani, vina, Kiarabu kinapopokezana na Kiswahili. Wa sosholojia atauliza nani anagharimia wageni na anapata heshima gani. Hakuna hata mmoja kati yao anayeweza kujibu swali la mwenzake. Kwa mtu wa afya ya jamii hili ni muhimu mno: ukitaka kujua kwa nini watu wanafunga wakiwa na kisukari, takwimu peke yake haitoshi, na fikihi (sheria za dini) peke yake haitoshi.

Silabasi: Bint_Langoni nakubali, kwa sharti moja: lazima iwepo kozi ya nadharia na mbinu. Hapo ndipo Durkheim na Weber, waasisi wa sosholojia walioieleza dini kwa njia tofauti, wanawekwa meza moja na mwanafunzi analazimika kusema anatumia mbinu gani na kwa nini. Mseto usio na kozi hiyo huishia kuwa utangulizi tano za idara tano. Kozi yenyewe mara nyingi hufunguliwa muhula mmoja tu kwa mwaka, kwa hiyo ichukue mwaka wa tatu. Ukiiacha hadi wa nne ikagongana na mafunzo ya vitendo, huna pa kuihamishia.

Kijana_wa_Moshi: Swali: hizi kozi hazimtaki mtu awe muumini?

Silabasi: Kwenye chuo cha umma, hapana. Mwaka 1963, katika kesi ya Abington dhidi ya Schempp, Mahakama Kuu ya Marekani ilikataza usomaji wa Biblia kama ibada katika shule za umma, lakini ikasema kusoma *kuhusu* dini kitaaluma kunaruhusiwa. Teolojia, yaani kusoma dini kutoka ndani ya imani, ni habari nyingine. Utaikuta zaidi vyuo vya kanisa. Notre Dame, kwa mfano, huitaka kwa kila mwanafunzi wa shahada ya kwanza.

Hesabu_Kwanza: Kuhusu (c): ina kina kuliko zote, ila uliza habari ya lugha. Kiarabu cha mwaka wa kwanza kinaweza kuwa sharti na bado kisihesabiwe.

Mtafuta_Somo: Shukrani. Nikienda na (b), nianze na nini?

Silabasi: Mpelekee mshauri wa masomo orodha ya kozi 6 kabla ya kujisajili, akubali kwa maandishi, kwa sababu kozi za idara nyingine hubadilika kila mwaka. Kozi ikiwa na namba mbili, ya dini na ya anthropolojia, jisajili kwa ile iliyotajwa kwenye kanuni za fani ndogo. Kuibadilisha muhula ukishaisha ni usumbufu mkubwa. Na usichukue yoyote kwa mtindo wa kufaulu au kufeli bila alama, nyingi hazitapokelewa.

Bint_Langoni: Ukipanga kuhoji watu kwa ajili ya utafiti, ombi kwa kamati ya maadili ya utafiti ya chuo liende mapema. Maswali, fomu ya ridhaa na namna ya kutunza majina viwe tayari, vinginevyo muhula utaisha hujamhoji mtu.