Tanga–Lushoto kwenda na kurudi siku moja, tuongeze Mtae, au tuishie Amani?

kaka_wa_Pongwe
Wakuu, habari za jioni. Tupo watatu, Jumamosi ya wiki ijayo tunataka kutoka Tanga mjini alfajiri, tukale kona za milima ya Usambara siku nzima, usiku kila mtu alale kwake. Vyombo ni pikipiki tatu: Boxer 150 yangu, TVS 125, na Honda XL ya zamani ya mshikaji inayokunywa oili kama mgeni wa Idi anavyokunywa chai. Mezani kuna njia tatu:

1. Segera, Korogwe, Mombo, tunapanda Soni hadi Lushoto, tunarudi njia ileile. Kama km 330 jumla.
2. Hiyohiyo, ila Lushoto tunaunganisha hadi Mtae, kijiji cha ukingoni mwa milima. Ongeza kama 120.
3. Muheza, Sigi, hadi hifadhi ya msitu ya Amani na kurudi. Haifiki 150.

Mimi moyo uko namba 2. Wenzangu wanasema nina wazimu.

Mtoto wa Muheza
Namba 3, wala usipepese macho. Ya Lushoto mnabanana na mabasi ya Arusha masaa kibao ili mkale kona za km 33 tu, Mombo hadi Lushoto. Huku ukishaiacha barabara kuu Muheza, mchezo umeanza. Sigi unalipa kiingilio cha hifadhi (pale palikuwa na stesheni ya reli ya Mjerumani), halafu ni msitu na kona mpaka juu kwenye ile bustani ya mimea ya mwaka 1902. Unapanda huku unasikia maji tu, huyaoni.

Dada wa Soni
Mtoto wa Muheza kaficha udongo 😂 Ule mwekundu wa Amani ukipigwa na kamvua ka dakika kumi unakuwa sabuni. Na msituni kamvua hakaombi ruhusa. Hao vijana wana tairi za lami, watarudi wamevaa matope.

Mtoto wa Muheza
Januari hii mvua iko wapi dada?

Dada wa Soni
Njoo Amani uulize miti.

Mzee wa Gia Mbili
Vijana, mimi nimeendesha lori la mboga kutoka Lushoto miaka mingi kabla ya kustaafu. Mnahesabu kilomita, nami nawaomba mhesabu saa.

Tanga hadi Mombo, kwa vijiji vya 50 na tochi za trafiki, wekeni saa mbili na nusu mpaka tatu. Mombo–Lushoto saa moja, maana hamtakosa kusimama Soni. Lushoto–Mtae saa mbili na ushee, kuna vipande vya vumbi na watu wengi njiani, hasa siku ya gulio. Hiyo ni saa sita kwenda tu, hamjala. Mkitoka saa 11 alfajiri mko Mtae saa 5 mchana, mkigeuza saa 6 na nusu mtaingia Tanga karibu saa 1 usiku. Kwenye karatasi inatosha. Karatasi haipati pancha.

Ila kinachonifanya niseme hapana ni saa mtakayoshuka. Malori ya mboga yanapakia mchana na kushuka jioni yawahi masoko ya mjini. Mtae itawafanya mshuke Soni pamoja nayo, mmechoka, jua la magharibi liko machoni. Fuso iliyojaa kabichi haiwezi kukata kona kali bila kuchukua upande wako. Si ubaya wa dereva, ni urefu wa gari. Mwamba upande mmoja, korongo upande wa pili, wewe utajibana wapi?

Shukeni kabla ya saa 9 alasiri. Njia yoyote inayokubali hilo ichukueni.

kaka_wa_Pongwe
Shikamoo mzee. Hilo la malori sikuliwaza kabisa. Je, Amani haina malori?

Mzee wa Gia Mbili
Marahaba mwanangu. Yapo ya chai, machache, yanakwenda taratibu. Amani ni njia nzuri. Lakini mmesema mnataka kona siku nzima, na kona za lami zinafundisha tofauti na za vumbi.

fundi_Kange
Naongezea upande wa chombo. Boxer na TVS za namna yenu nyingi ni breki za shuu mbele na nyuma, hakuna diski. Kutoka Lushoto hadi Mombo unashuka kama mita 1,000. Ukishuka ukiwa umekanyaga breki ya nyuma njia nzima, ngoma inachemka, shuu inateleza kama imepakwa mafuta, na hapo pedali inakwenda chini bila kazi. Shuka na gia: gia ya pili au ya tatu, injini ivute. Breki gusa, achia, gusa, achia. Kamwe usizime injini ili uokoe mafuta, nimeshaletewa pikipiki za watu waliojaribu.

Punguza mwendo KABLA ya kona, ukiwa umesimama wima. Ukiwa umelala kwenye kona halafu ukabana breki ya mbele, na pale ndani kuna changarawe zilizosukumwa na matairi ya magari, utaamkia kwenye mtaro. Na macho yaende mwisho wa kona, usikodolee korongo.

Juu mtasikia injini imelegea. Ni hewa tu, kabureta halina kosa. Asije mtu akawachokolea sindano njiani. Cheni ikazwe, na huyo wa XL abebe lita nzima ya oili.

Binti Korogwe
Mimi nilifika Mtae mwaka juzi, tulilala Lushoto. Ule ukingo ukisimama unaona tambarare za Mkomazi chini kama umepanda ndege. Usiende kuukimbilia nusu saa, kaka. Jumamosi nendeni Lushoto, pandeni Irente, ule mwamba wa kutazamia bondeni, kama km 6 kutoka mjini, mle, mgeuze. Mtae ipe safari yake.

mzee_wa_vocha
Mimi naunga mkono namba 4: supu ya Korogwe kisha kulala.

kaka_wa_Pongwe
MREJESHO. Tulichukua namba 1 na Irente juu yake. Tulitoka saa 11 kasoro, saa 2 na robo tunakunywa chai Mombo. Kupanda ilikuwa raha tupu. Baridi ilianza ghafla, kama mtu amefungua friji. Mwenye TVS hakubeba koti, akavaa gazeti ndani ya shati.

Soni akina mama wana ndoo za matunda ya plamsi, tulinunua, nusu ziliiva juu ya tangi kwa joto la injini.

Irente tulikaa mpaka saa 7. Saa 8 tunashuka. Fundi, nilikukumbuka: TVS ilikuwa mbele yangu, taa ya breki inawaka muda wote, haizimi hata kwenye nyoofu. Nikapiga honi, hasikii. Kabla ya Soni nikasikia harufu kama ya klachi ya basi. Tukasimama. Ngoma ya nyuma hukai nayo karibu, mwenyewe anataka kuimwagia maji ya kunywa, nikamnyang'anya chupa. Tulikaa dakika 40, ikapoa yenyewe. Kutoka pale alishuka na gia ya pili hadi Mombo, amenuna.

Fuso la kwanza la kabichi tulikutana nalo tukiwa tumeshafika lami ya chini, linaelekea Korogwe kama sisi. Mzee, sikusema kitu, nilipunguza mwendo nikalipisha.

XL ilifika. Oili iliyobaki kwenye lita ni ya kupaka cheni.

Binti Korogwe, Lushoto mlilala wapi, na ni shilingi ngapi kwa watu watatu?