Tupeane uzoefu: mteja ana ugonjwa wa akili, maagizo yake unayapokeaje?

Mgeni_Kampala: Nimepewa kesi ya mauaji, serikali ndiyo inanilipa. Daktari wa Butabika, hospitali ya wagonjwa wa akili, kaandika skizofrenia. Mteja anasema yeye mzima kuliko mimi. Mliopitia haya, semeni.

MamaHaki_Tororo: Umenikumbusha mteja wangu wa gereza la Luzira. Nilimwambia tukithibitisha akili haikuwa sawa, hatahukumiwa kwa mauaji. Akanijibu, "Wakili, wanaosubiri amri ya Waziri wanaozea humu. Mimi nipe miaka inayohesabika." Ningebishaje? Wakati ule jaji akikuta ulitenda ukiwa mgonjwa, ulikuwa unarudishwa ndani kungoja Waziri wa Sheria aamue hatima yako, na kuna waliongoja zaidi ya miaka kumi. Mwaka 2015, Fort Portal, Jaji Batema alisema amri hiyo ni kazi ya mahakama, si ya Waziri. Nikamsomea hukumu ile kidogo kidogo, kila ziara kipande. Ndipo akakubali daktari aitwe. Mgonjwa ndiyo, lakini hesabu yake ya kifungo ilikuwa safi.

Okello_W: Kweli kabisa, dada.

MsomiMbale: Hapana. Maisha ya mtu yako hatarini, ungemwita daktari siku ya kwanza.

MamaHaki_Tororo: Bila ruhusa yake? Kesi ni yake au yako?

MsomiMbale: Wewe mama, usinifundishe maadili.

Kibanja_Masaka: Ngojeni. Kwangu ndugu watatu walimleta kaka yao amelegea kwa dawa, hati ya kuuza kibanja, kishamba chake, wameshaichapa. "Ni mulalu, kichaa huyu, wakili, shika tu kidole chake." Nikawatoa nje. Jamaa akaomba maji, akanywa, akanitajia mipaka yote ya shamba, hadi makaburi na nani kalala wapi.

Okello_W: Weee! Kibanja kiliuzwa?

Mgeni_Kampala: Wazee, swali langu…

Bodaboda_Esq: Kwanza tujue kibanja!

Kibanja_Masaka: Kipo, ana mihogo. Sheria ya Afya ya Akili ya 2018 haisemi ugonjwa peke yake unakunyang'anya mali. Ndugu wananichukia mpaka leo.

NakivaleSheria: Mgeni, daftari funga. Wakimbizi wetu kutoka Kivu wakiona kalamu wanadhani wewe polisi.

MsomiMbale: Aandike kila neno! Kesho mteja atakana.

NakivaleSheria: Ataandika akishatoka.

Bodaboda_Esq: Nenda na chapati. Askari wa getini naye anakula.

Okello_W: Uliza anameza dawa saa ngapi. Wangu baada ya sindano alikuwa analala mbele yangu.

Mgeni_Kampala: Ijumaa naenda. Mama, ile hukumu unayo nakala?

MamaHaki_Tororo: Ninayo. Njoo inboksi, Mbale asisikie.