MREJESHO: Sebule yangu iliyokuwa inaonekana ya bei chee
Wakuu nimerudi, mimi ndo yule niliyeuliza mbona sebule yangu inaonekana ya bei chee wakati masofa ni mapya kabisa. Aisee kumbe mchawi ni mapazia! Fimbo ya pazia niliifunga juu kidogo tu ya dirisha na pazia lenyewe lilikuwa linaishia katikati ya ukuta kama suruali ya mtoto aliyerefuka ghafla, nikaipandisha karibu na dari nikashona marefu yanayogusa sakafu, wife akauliza kama nimepaka rangi. Taa nyeupe ile ya kama wodini nimetoa, nimeweka ya njano ya Kelvin 2700 (Kelvin ni kipimo cha rangi ya mwanga, namba ikiwa ndogo mwanga unakuwa wa njano zaidi). Zulia bado dogo, hata miguu ya mbele ya sofa hailigusi, hilo hadi mfuko ukae sawa. Maua ya plastiki mliyosema nitoe nimegoma kutoa, mtanisamehe 😂