Baiskeli mpya: duka lenye fundi wake au Kariakoo halafu nijitafutie fundi?

Kijana wa Ng'ambo: Wakuu habari za jioni. Nimeshajichanga nataka baiskeli mpya, mtumba sitaki. Kuna duka la Mikocheni wana fundi wao humohumo ila bei haishuki hata ulie. Kariakoo aina ileile naipata kwa afadhali, tatizo ukishatoka pale na ikianza kusumbua unamrudia nani? Wenye uzoefu nishaurini, mwisho wa mwezi huu nanunua.

Spana 15: Mada umeileta nusu mkuu. Bajeti? Unakaa wapi? Ya mazoezi au ya kwendea job? Breki za disk au za raba? Bila hivyo tunapiga ramli tu.

Mzee wa Uhuru: Kariakoo, bila kupepesa macho. Zote si zinakuja kwenye boksi, pale unafungiwa barazani ukiona kwa macho yako, kifaa kikizingua duka la spea lipo mlango wa pili. Huko Mikocheni unalipia kiyoyozi.

Mama Tabata: Mzee wa Uhuru usimdanganye mtoto wa watu. Mimi nilimnunulia mwanangu Kariakoo hukohuko, duka kubwa tu silitaji, wakaniambia garantii mwaka mzima. Haijamaliza mwezi krenki ya kushoto, ule mkono unaoshika pedali, ikaanza kucheza, kila akikanyaga inalia ko ko ko. Narudi naambiwa fundi kaenda kula, narudi tena fundi kasafiri, mara wananigeuzia risiti nyuma, kumbe kuna maandishi madogo kuwa garantii ni ya fremu tu, tena wanasema mtoto anaikanyaga vibaya!! Muda huo anaendelea kuendea shule, tundu la krenki likalika mpaka likawa duara. Aliyeniokoa ni fundi wa kona ya kwetu anayekaa chini ya mwarobaini. Alifungua akaniambia bolti haikukazwa vizuri toka dukani. Akatia krenki mpya, akachomeka bomba kwenye spana ili aongeze nguvu, akasema mlete wiki ijayo niikaze tena, na hiyo mara ya pili hakuchukua hata mia.

Jongoo Mbio: Mtumba wa Kijapani, hutajuta. Ina kikapu, ina dainamo, chuma cha ukweli.

Spana 15: @Jongoo Mbio kasema mtumba hataki, soma kwanza.

@Mama Tabata pole. Ila somo lako mbona linampa sifa fundi wa mtaani, siyo Mikocheni. Mleta mada, baiskeli mpya wiki za mwanzo lazima ilegee, waya za gia zinavutika, spoki zinajikalia, kwa hiyo uliza hivi: service ya kwanza ni bure? Na muone huyo fundi kwa macho, ana stendi ya kunyooshea rimu au anakisia kwa kidole? Halafu kile kipande kidogo cha alumini kinachoshika mashine ya gia ya nyuma, kinapinda ikianguka na kila fremu ina cha kwake. Waambie wakuuzie cha akiba siku hiyohiyo. Disk za maji (hydraulic) usichukue kama huna fundi anayejua kuzitoa hewa, chukua za waya.

Chap Chap: Dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Wakikuzungusha kuna FCC, Tume ya Ushindani, sheria yao ya 2003 inamlinda mlaji.

Mzee wa Uhuru: FCC kwa ajili ya krenki? 😂😂 Utakuwa umeshanunua nyingine.

Kijana wa Ng'ambo: Asanteni. Nakaa Kigamboni, job Posta, nitavuka na pantoni kila siku. Disk za waya.

Spana 15: Si ungesema mapema! Hewa ya chumvi hiyo, cheni inakula kutu upesi, oili kila wiki. Na Mikocheni kwako ni safari, utaenda service lini?

Mama Tabata: Mimi bado nasema Mikocheni, hata kama mbali.

Jongoo Mbio: Kwanini asipite daraja la Kurasini? Lipo toka 2016.

Chap Chap: Azunguke kote huko agombanie njia na malori ya bandari? Acha utani. Hivi pantoni baiskeli bado inalipiwa kivyake?

Mzee wa Uhuru: Wewe uliza Posta ataifunga wapi, walinzi wa yale maghorofa hawataki kuiona getini.