Hitimisho la insha ya uchambuzi linanishinda, naombeni ushauri

Mwanagenzi
Wakuu, habari za jioni. Nina insha ya uchambuzi, swali lake: Mkataba wa Versailles wa 1919 ulichangia kwa kiasi gani Hitler kuingia madarakani? Mwili wa insha umekaa vizuri: fidia ambayo Ujerumani ilitakiwa kulipa, Kipengele 231 cha mkataba kilichoibebesha Ujerumani lawama za Vita Kuu ya Kwanza, mfumuko wa bei wa 1923, mdororo wa uchumi wa 1929. Nikifika mwisho nakwama. Insha iliyopita mhadhiri aliipigia mstari aya yangu ya mwisho yote, akaandika pembeni: "Kwa hiyo?" Neno hilo halijanitoka kichwani. Sasa nimeandika hivi:

"Kwa kuhitimisha, insha hii imejadili fidia, Kipengele 231, mfumuko wa bei na mdororo wa uchumi. Mambo yote haya yalichangia Hitler kuingia madarakani."

Nakabidhi keshokutwa.

KalamuNyekundu
Pole mkuu. Hapo umeorodhesha vichwa vya aya zako tu. Swali linauliza "kwa kiasi gani", nawe hujataja kiasi chochote. Weka kalamu chini, ujibu kama unavyoongea na mtu: mkataba ulitosha peke yake, au ulihitaji kitu kingine?

Mwanagenzi
Ningesema mkataba uliacha kinyongo, ila kinyongo hakikutosha mpaka watu walipokosa kazi.

KalamuNyekundu
Basi hitimisho unalo. Anzia hapo hapo.

Msomaji_Usiku
Mmalizie na kura. Mei 1928 Wanazi, chama cha Hitler, walipata chini ya asilimia 3, Julai 1932 wakapita asilimia 37. Hakuna atakayebisha.

KalamuNyekundu
Takwimu nzuri sana hiyo, lakini isionekane mwishoni kwa mara ya kwanza. Ushahidi ukiingia aya ya mwisho hauna pa kuchambuliwa. Ipeleke kwenye aya ya mdororo uichambue huko, hitimisho libaki na maana yake. Na tafadhali usitie ule mkia wa "viongozi wa leo wajifunze". Hukuulizwa hilo.

Mwanagenzi
Nimejaribu tena:

"Mkataba wa Versailles uliwaachia Wajerumani kinyongo, lakini kwa karibu miaka 10 kinyongo hicho hakikuwapa Wanazi kura nyingi. Kura zilikuja baada ya 1929, ajira zilipopotea. Mkataba unaeleza mengi ya yale Hitler aliyoyahubiri; mdororo unaeleza kwa nini mamilioni walianza kumsikiliza."

Msomaji_Usiku
Aisee, sentensi ya mwisho imenikamata. Mhadhiri hataandika "Kwa hiyo?" hapo.

KalamuNyekundu
Safi kabisa. Sasa rudi kwenye utangulizi. Kama hoja kuu yako bado inasema mkataba ndio uliomleta Hitler, inagongana na hiki ulichokiandika. Rekebisha utangulizi, hitimisho usiliguse.